Buibui Lisilokuwa la Mama

Hata leo nikinusa chuma kilichopigwa jua, viganja vyangu hukumbuka bembea za kile kijiuwanja chetu, si mbali na mtaa wa Bondeni, Mombasa. Uwanja wenyewe, wallahi, ulikuwa kama leso: bembea mbili, bati la kuteleza lililotuchoma mapaja, na barabara kila upande, honi za tuktuk zikishindana. Kwetu sisi ilikuwa pepo.

Mama alikuwa na sheria moja tu: "Tukivuka, shika buibui langu, usiachilie mpaka nikwambie."

Jumamosi moja tukawa twaondoka. Mama akasimama kuamkiana na jirani, na salamu za Mombasa mwazijua, hazina mwisho. Mimi nilikuwa na mabuyu mkono mmoja, macho yangu yamo humo humo. Nikanyoosha mkono wa pili, nikashika kitambaa cheusi kilichopita, tukavuka. Magari yananguruma, mimi nafyonza mabuyu, sina habari.

Ng'ambo nikainua uso. Ala! Macho yaliyonitazama juu ya nikabu hayakuwa ya mama. Nikapiga ukelele mpaka wenye maduka wakachungulia. Mama alikuwa kule kule bembeani, akiinama chini ya bati, akiita jina langu, na magari kati yetu hayana hata mwanya. Nikajua nimekwisha, sina mama tena.

Yule bibi hakushtuka hata kidogo. Alinikamata mkono, akapaza sauti: "Mwanao huyu hapa! Tulia papo, twaja!"

Tulipomfikia, mama alinifinya, akanikumbatia, akanifinya tena. Kisha akamgeukia bibi, hasira zimempanda. "Nawe hukuhisi kama wavutwa buibui?"

"Nalihisi, mwanangu. Nalihisi tushafika kati ya barabara. Nikaona nikimtazama atashtuka, aniachilie, akimbilie magarini. Nikaenda polepole, namuomba Mngu."

Hasira zikamshuka mama. Akamshika mikono yote miwili, akalia palepale mbele za watu, huku akicheka. Nyumbani ndipo aliponigeukia mimi: "Wasema mshika mbili, moja humponyoka. Wewe mabuyu hayakukuponyoka, nimekuponyoka mimi!"

Utotoni niliamini yule bibi aliniiba kidogo kisha akanirudisha. Hata nilipozaa wangu, nikamvusha barabara ile ile, ndipo nilipoelewa. Mtu asiyenijua alivuka na roho yangu kwenye pindo la nguo yake, asithubutu hata kuangalia chini.