Kiatu Kilichokuwa Mbele Yangu

Haya niliyaona mimi mwenyewe hapa Bukavu, mchana, nikiwa sijanywa kitu. Pale ambapo sina hakika, nitasema sina hakika.

Mimi ni dereva wa garage moja ya Kadutu. Patron wetu, mwenye garage, ana gari ya zamani ya mashindano, akapata nafasi ya kuikimbiza kwenye sirkwi ya kweli, uwanja wa mbio za magari, nchi jirani. Dereva ningekuwa mimi. Sirkwi yenyewe sikuwahi kuikanyaga, lakini iko ndani ya jeu ya magari, mchezo wa kwenye televisheni, kona kwa kona, na jeu ile iko kwa Maman Nabintu, mwenye salle, ukumbi wa michezo hiyo, pamoja na usukani na pedali zake. Basi nikawa naisoma pale. Usicheke, hata madereva wakubwa wa mbio nasikia wanajifunza hivyo.

Kwa Maman Nabintu zamu inashikwa na kiatu. Ukifika unavua kimoja, unakipanga chini ya televisheni nyuma ya vya wenzako. Hata ukienda kula, hakuna wa kukuruka.

Siku ile mvua ilikuwa nyingi na watu hawakuja. Nilikuta kiatu kimoja tu, cha ngozi, soli nyembamba, kimelowa.

"Mwenyewe iko wapi?"

"Sijue, papa. Nimekikuta. Lakini kiko mbele yako, ungoje."

"Kiatu haijue kuendesha, maman."

Akacheka. Nikakisukuma pembeni kwa mguu, nikakaa.

Katika jeu ile unaweza kushindana na kivuli, yaani gari kama ya moshi inayorudia mbele yako mzunguko wako bora. Kivuli changu mwenyewe. Kufika kona ya chini ya kilima, hakikupinda. Kilienda moja kwa moja kwenye ukuta wa matairi, kikazimika. Niamini, mimi sikuwahi kuanguka pale. Nikarudia. Kikafanya vilevile.

"Pale jeu inakudanganya," mtu akasema.

Alikuwa ameketi kando yangu kwenye benchi, muzee mwembamba, mguu mmoja hauna kiatu. Sikumsikia akiingia, lakini mvua ilikuwa inapiga mabati, kwa hiyo hilo silihesabu.

"Barabara inainamia inje. Kwenye jeu hauisikie. Funga frein mapema, hata wakupite."

"Ulishakimbia pale, papa?"

"Umechukua zamu yangu," akasema, bila hasira.

Nikainama kuzima jeu nimpishe. Nilipogeuka, benchi ilikuwa imelowa na hakukuwa na mtu. Maman Nabintu alikuwa mlangoni anachagua maharagwe. Akasema hakuna aliyetoka. Ni kweli pia kwamba macho yake yalikuwa kwenye maharagwe.

Tukaenda sirkwi. Kona ile inainamia nje kweli. Nilifunga breki mapema, magari mawili yakanipita. Ya mbele haikupinda. Dereva wake alitolewa kwenye matairi akiwa hai, mguu umevunjika. Mimi nilimaliza karibu na mwisho, na patron hajanisamehe. Labda ningepita salama hata bila kuonywa. Nani ajuaye?

Sasa patron amempa gari Zihindula, fundi wa garage yetu, aikimbize mara ijayo. Yeye huniita Papa Kiatu, maana kiatu kile bado kiko pale, na mimi sikiruki tena. "Papa Kiatu, rafiki yako hajapata zamu tu?" Nilimweleza habari ya kona ile. Akasema ni wivu. Wivu upo kidogo, sikatai, lakini sipendi avunjike.

Jana mchana nilipita. Zihindula alikuwa kwenye benchi, mikono magotini, kiatu chake kimepangwa nyuma ya kile cha ngozi. Kiti cha usukani kilikuwa kitupu. Kwenye televisheni gari ilikuwa inakimbia, na usukani ukigeuka polepole, kushoto, kulia. Usukani ule una mota ndani, najua.

"Kaa, mukubwa," akaninong'oneza. "Bado hajamaliza."

Nikavua kiatu changu. Wewe pia, siku ukifika pale, vua chako, kipange nyuma, ungoje.