Kadi Yangu na Mbuzi wa Baba

Nianze kwa kukiri: kosa si la benki wala la muuza mbuzi. Ni kiburi changu. Hata mke wangu sijamwambia, nawaambia ninyi msionijua.

Naishi Uswidi. Huko mkate, basi, hata choo cha stesheni unagusisha kadi tu, na kuna maduka ukitoa noti wanakukatalia. Krismasi iliyopita nilipokuja nyumbani Masama, mfukoni nilikuwa na kadi peke yake. Nikajiona nimekamilika!

Kwetu Uchagani mtoto wa kiume akirudi kutoka mbali humchinjia baba yake mbuzi. Mzee hupewa kidari, naye humbariki. Dada yangu anayemtunza baba alitaka kumnunua mbuzi mapema. Nikamkataza kwa simu, tena kwa maringo, kwamba mwaka huu mbuzi ni wangu asiniaibishe.

Baba ana ugonjwa wa kusahau. Akili huja na kuondoka. Siku niliyofika ilikuwepo, jamani! Nilipomwamkia, akanishika kichwa na kuniita kwa jina langu la utotoni.

"Mwanangu, chinja kesho," akasema. "Nikubariki nikiwa bado nakujua."

Asubuhi nikaenda mnadani. Muuza mbuzi akaitazama kadi, akaniuliza kwa upole kama sina chochote kwenye simu. Sikuwa nacho. Nikateremka Moshi mjini. Hotelini wanakolala watalii kadi wanapokea, ila mbuzi hawauzi. Mashine za benki zikanigomea zote.

Kwa simu ya kuazima nikapiga benki kule Uswidi. Wakasema wameifunga kadi kwa usalama wangu, kwa sababu imetumika nchi ambayo hawakuitarajia. Ili waifungue, walinitumia namba ya siri kwenye laini yangu ya kule. Laini yenyewe huku haishiki mtandao! Nilikaa kwenye ngazi za benki nikiwa sina la kufanya.

Hapo ndipo nilipokosea. Ningemwambia dada, angelipa siku ileile. Lakini ningeuweka wapi uso wangu? Nikamwambia mbuzi wa mnadani wamekonda. Kesho yake nikatunga uongo mwingine, na keshokutwa mwingine tena, huku baba akizidi kufifia.

Nilipokubali kusema ukweli, dada hakunilaumu. Alilipa kwa simu, na mbuzi akaletwa kabla chai haijapoa.

Baba akapokea kidari kwa mikono miwili, kama anavyopokea kwa wageni. Akamuuliza dada mimi ni kijana wa ukoo gani. Dada akamtajia jina langu.

"Hapana," baba akasema. "Huyo yuko Ulaya. Atakuja na mbuzi wake."

Nililia mgombani kama mtoto.

Ninyi mnaorudi nyumbani, bebeni noti, na pesa za kwenye simu muwe nazo. Na kadi ikigoma, semeni siku hiyohiyo, aibu itapita.

Nimesharudi Uswidi. Kadi inakubali kila mahali. Dada anasema baba bado anauliza nitakuja lini na mbuzi.