Kiende na Subaru Mbili

Ile Subaru ya Kiende ilifaa kufugiwa kuku, na nilimwambia hivyo mbele ya watu, dukani kwangu Makutano, mjini Meru, ninapouza matairi. Gari la mwaka wa tisini na saba. Rangi ya bluu imebaki kwenye paa tu, sakafu imezibwa kwa bati, na gia ya pili huingia ikipenda. Mimi sina subira na vitu vya zamani. Wanaosema ya kale ni dhahabu hawajawahi kuyatafutia vipuri.

Kiende alicheka. "Ireri, wewe Mwembu, kitu kikikosa bei unadhani kimekufa."

Anaishi Kiirua. Analima viazi na kabichi, anafuga ng'ombe, na siku za kazi utamwona akipeleka magunia sokoni kwa pikapu kama mkulima mwingine yeyote. Lakini mara chache kwa mwaka klabu yetu huandaa mbio za magari kwenye barabara za vumbi. Ni mbio za watu wa kawaida: mwalimu, mwuza dawa, karani wa kaunti, kila mmoja na gari alilolifunga vyuma ndani lisimponde likipinduka. Huko Kiende huwa mtu mwingine. Nimeona wanaume wazima wakisimama kando ya barabara na kujifanya wamepata pancha, mradi tu wasiseme wamepitwa na mama wa viazi.

Aliyeketi kando yake miaka yote hiyo ni mumewe, Mutwiri. Katika mbio hizi dereva haoni kilicho nyuma ya kona. Anayemwonea ni msomaji, ambaye huipitia barabara siku moja kabla na kuiandika yote, kisha humsomea dereva gari likiwa kasi: kulia au kushoto, na nambari ya kona. Moja ni kona ya kujikunja kabisa, sita inakaribia kunyooka. Wengi husoma kwa Kiingereza, tena kwa kupiga makelele. Mutwiri alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na msomaji wa neno katika kanisa la Methodisti, na alisoma kona kama anavyosoma Zaburi. "Kulia tatu, inafunga. Mteremko. Kushoto tano, kaza." Kiende, kwa kila neno, hujibu, "Sawa." Watu walimtania Mutwiri kwamba anaendeshwa na mke. Alikuwa akisema ni kweli, na kwamba wao pia wanaendeshwa, ila wake zao hawana leseni.

Kisha akapigwa na kiharusi, chaki mkononi, mbele ya darasa. Mguu ulirudi nusu, mkono wa kulia ukarudi kidogo, lakini maneno hayakurudi. Alibaki na "eee" moja tu ya kila kitu: ya njaa, ya usingizi, ya mgeni mlangoni. Hospitalini walisema huenda yakarudi, na Kiende aliishi na hiyo "huenda" mwaka mzima. Mimi nilikuwa nikiwatembelea, na niseme wazi, nilichukia kwenda. Mtu uliyezoea kubishana naye anakutazama kwa macho yaleyale, unangoja akujibu, halafu "eee". Nilikuwa narudi nyumbani na hasira isiyo na mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa nimenunua Subaru nyingine, ya mwaka wa elfu mbili na kumi na tano, kutoka kwa mtu wa Nairobi aliyechoshwa na mbio. Nyeupe, ina breki zinazojua zenyewe ni gurudumu lipi linateleza, na viti vinavyokushika mbavu. Mimi ni mzito, tena mwoga. Nilitaka jina la duka langu liandikwe ubavuni na Kiende akae kwenye usukani. Msimu ule klabu ingechagua madereva wawili wa kwenda kushindana na klabu za nchi nzima, jambo alilolitamani Kiende tangu hajaolewa. Kwa gari lake asingechaguliwa. Kwa langu angechaguliwa. Hakuna aliyebisha hilo, hata yeye mwenyewe.

"Mchagua jembe si mkulima," aliniambia.

"Na likiwa limevunjika mpini je? Atalima kwa meno?"

"Kuja nyumbani Jumamosi. Kuna kitu nataka usikie."

Jumamosi nilimkuta amemketisha Mutwiri kiti cha mbele cha lile gari kuukuu, amemvika helmeti na kumfunga mkanda. Mimi nikajibana nyuma, nami na helmeti yangu. Kutoka kwao kuna barabara inayozunguka ukingo wa msitu na kuteremka hadi karibu na soko la Kiirua. Hapo ndipo walipokuwa wakifanyia mazoezi tangu mwanzo, na klabu imeshindania hapo mara nyingi. Kiende aliwasha. Gari likaanza kelele zake za sufuria, petroli ikanuka hadi nikafumba macho. Tulipopita tu geti, mtu akasema, "Kulia nne."

Nilidhani ni redio.

"Kushoto mbili, usikate. Daraja. Kaza."

Ilikuwa sauti ya Mutwiri. Haikuwa na kigugumizi wala mate. Ilikuwa nzima, ya mwalimu, ile ninayoijua.

"Sawa," Kiende akajibu, na kuteremka kwa kasi iliyonifanya nishike kila kilichoshikika. Sikuona haya kulia mle ndani ya helmeti. Mutwiri aliisoma barabara yote, bila karatasi, akitazama mbele, kona baada ya kona, mpaka akasema, "Mwisho." Gari likasimama. Nikamshika bega. "Mutwiri, ndugu yangu. Umeamkaje?"

Aligeuka akanitazama. "Eee," akasema.

Kiende aliniambia ilianza siku pikapu ilipokataa kuwaka akampeleka kliniki kwa gari hilo. Tangu hapo alikuwa akimzungusha kila jioni. "Anarudi, Ireri. Pole pole, lakini anarudi."

Wiki iliyofuata tulijaribu kwa gari langu, barabara ileile, saa ileile. Mutwiri hakusema neno. Mkono wake mzima ulipapasa mlango, ukapapasa dashibodi, ukitafuta kitu, kisha akafumba macho. Kiende alisimamisha gari kabla hatujafika nusu.

"Limetulia sana," akasema. "Hajui yuko wapi."

Basi mambo yakawa wazi, na ni yeye aliyeyasema. "Nikichukua lako, nitashinda. Nikibaki na langu, atapona."

Alibaki na lake. Akajiandikisha kwa mbio za Karurumo, upande wa Embu, nyumbani kwetu, na kwenye nafasi ya msomaji akaandikisha Mutwiri. Koome, mwenyekiti wa klabu, alimwita pembeni.

"Mama Ciku, tuheshimiane. Msomaji hawezi kuongea."

"Muulize akiwa ndani ya gari."

"Si ni hatari, mama."

"Hatari ni kumwacha akae kwa nyumba kama kabati. Ukikataa, nifute pia mimi."

Wameru wakishaanza kuongea kwa upole namna hiyo, afadhali ukubali. Koome alikubali, ila wangeondoka wa mwisho, na kungekuwa na kamera ndogo ndani ya gari. Siku moja kabla ya mbio, Kiende alimpitisha Mutwiri barabara ya Karurumo kwa pikapu, akaenda na kurudi, akimwonyesha kila kona kwa kidole. Mutwiri alitazama kwa makini. "Ameshika," Kiende aliniambia. Nami nilisema amina. Hakuna kati yetu, na sote tunajiona wajanja, aliyewaza kumpeleka kwanza kwa gari lile kwenye barabara nyingine yoyote isiyo ya Kiirua.

Video ile nimeitazama mara moja. Inatosha. Wanaondoka, na Mutwiri anasema, "Kulia nne." Barabara inakata kulia kweli. Kiende anacheka kwa sauti, "Sawa." Kisha Mutwiri anasema, "Kushoto mbili, usikate." Mbele kumenyooka, kahawa huku na kahawa huku. Kiende anapunguza mwendo kwa kona isiyokuwepo. Unamwona akikunja uso. "Daraja," anasema Mutwiri, na hakuna daraja. "Kaza." Mguu wa Kiende, uliomtii mtu huyu tangu ujana wao, ukakaza mwendo. Hapo barabara ikapinda, wao wakaenda moja kwa moja ndani ya kahawa.

Hawakuumia. Injini ilizima, na Mutwiri naye akazima. Kiende alikaa hivyo mikono ikiwa kwenye usukani. Kisha akamgeukia.

"Baba Ciku, hapa ni Karurumo."

"Eee."

Alimtoa majani begani, akawasha, akarudi nyuma hadi barabarani. Gari liliposhika mwendo, Mutwiri akaendelea pale alipoachia. "Kulia tatu, inafunga. Kanisa. Mteremko." Alikuwa Kiirua. Alikuwa Kiirua muda wote. Kiende aliendesha kwa macho yake mwenyewe, mwendo wa mtu aliyebeba mayai, na kwa kila alichosema Mutwiri, aliitika, "Sawa." Barabara ya Karurumo ni ndefu kuliko ya kwao. Mutwiri alifika "Mwisho" huku bado kuna mashamba mengi mbele, na njia iliyobaki waliimaliza kimya. Walikuwa wa mwisho kabisa. Watu wa kwetu waliwapigia makofi, bila kujua wanachopigia makofi.

Alinijia kwenye hema la klabu akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Hakulia. Ningependa angelia.

"Hakuwa ananisomea," alisema. "Anaisema tu. Kama mtoto akisema Baba Yetu na akili yake iko kwa mchezo."

"Bado ni sauti yake, Kiende."

"Ndiyo. Na anaisema kwangu." Alinishika mkono wa shati. "Kaka yake alimzungusha barabara hiyohiyo nikiwa nimesafiri, hakufungua mdomo hata kidogo. Ni mimi tu. Hata kama hajui tuko wapi, anajua ni mimi. Hicho ndicho nimebaki nacho, Ireri."

Kaka yake alimzungusha kwa Probox yake, si kwa Subaru. Nilijua, na nadhani naye alijua.

"Lete ufunguo wa gari lako," akasema.

Aliliendesha msimu mzima, Lenah wa benki akimsomea kwa Kiingereza, na aliliendesha vizuri hata nikawa naona aibu ya kujisifu. Alichaguliwa. Hata hivyo kila jioni alikuwa anamvika Mutwiri helmeti, na lile gari kuukuu lilisikika soko zima likizunguka msitu. Vijana walisema mama Ciku anafanya mazoezi. Wacha waseme hivyo.

Mashindano ya nchi nzima yalikuwa mbali na yalichukua siku mbili. Jioni ya siku ya kwanza, Ciku, binti yao, alinipigia simu.

"Anko, kuja tafadhali. Baba amesimama kwa gari tangu saa kumi, amekataa kuingia nyumba. Hata chai amekataa. Na mimi hiyo gari siwezi."

Nilifunga duka, nikaenda. Nilimkuta ameuweka mkono mzima juu ya mlango wa gari, kama mtu aliyeshika ng'ombe asiondoke. Nilimvika helmeti, nikamfunga mkanda. Nilipokuwa nawasha niliomba Mungu, na nilichoomba ni kwamba Mutwiri anyamaze. Sijawahi kuomba kitu kibaya namna hiyo juu ya rafiki, na bado sijui kama kilikuwa kibaya.

Tulipita geti.

"Kulia nne," akasema.

Nilikosa gia. Nilikwenda mwendo wa trekta, nikikata kona vibaya, na yeye hakujali. Alinisomea barabara yote. Sauti ni ileile, upole ni uleule, hata kile kituo kidogo anachokiweka kabla ya "kaza", ambacho siku zote nilidhani ni cha mkewe. Sikuitika "Sawa" hata mara moja. Hakuhitaji. Alisoma hadi "Mwisho", nikamrudisha nyumbani, akaingia ndani kwa amani na kunywa chai yake.

Nilikuwa bado nimesimama uani simu ilipolia. Ilikuwa Kiende, na nyuma yake kelele za watu na injini. Alikuwa wa tano nchi nzima siku hiyo, na Lenah alikuwa akipiga vigelegele. Nilimpongeza. Alisema breki zangu ni tamu. Kisha alisogea mahali penye utulivu, maana kelele zilipungua.

"Ciku ameniambia umemzungusha. Asante sana. Alisema kitu?"

Dirishani nilimwona Ciku akimfuta baba yake kidevu. Ndani ya gari tulikuwa sisi wawili tu.

"Hapana," nikasema. "Hakusema hata neno."

Nilimsikia akivuta pumzi, na ilipotoka ilikuwa na machozi, na furaha ndani yake.

"Nilijua," akasema. "Ananingoja mimi."