Matairi ya Misimu Yote ya Bibi Onodera

Kurosaka alikosea tangu dakika ya kwanza, na kosa lenyewe lilikuwa la macho: aliliona gari kabla ya kumwona mwenye gari. Lilikuwa gari dogo la michezo, la kijani, viti viwili, paa la turubai, nguvu zake zote zikiwa kwenye magurudumu ya nyuma. Aliposhuka bibi wa miaka sabini na ushei, kitambaa kichwani, akajiambia: hili ni la marehemu mumewe, huwashwa mara moja kwa juma ili betri isife. Hakujua kwamba Bibi Onodera Fusae alilinunua mwenyewe, mwezi ule ule alipostaafu baada ya kuwapikia watoto wa shule kwa miaka thelathini na minane.

Novemba ilikuwa inamalizika. Mlima ulioinamia mji ulikuwa umegeuka mweupe mara mbili, na kila mtu wa bonde lile anajua kwamba theluji ikiugusa mlima mara ya tatu, ya nne hulala mlangoni pako. Foleni ya magari yaliyongoja kubadilishiwa matairi ilifika mpaka kwa kinyozi. Kurosaka, aliyesoma falsafa chuo kikuu Sendai kabla ya kurudi kulirithi duka la matairi la baba yake, hakuwa amenyoosha mgongo tangu asubuhi.

"Bwana Kurosaka, nataka yale matairi ya misimu yote," alisema bibi.

"Ya misimu yote? Mama, huku kwetu?"

"Huku huku. Kwani huku hakuna misimu?"

Waliokuwa wakisubiri wakaangua kicheko. Kurosaka naye akacheka, kisha akakumbuka kazi yake.

"Kwenye theluji laini yatajikokota. Lakini kwenye barafu, mama, ni kandambili juu ya sabuni. Na hili gari linasukumwa kwa nyuma. Nikufungie ya theluji, haya ya kiangazi uyapange chini ya upenu mpaka Aprili, kama watu wote."

"Sitaki kitu chini ya upenu wangu." Alilisema upesi mno.

"Sawa. Lakini wakati wa baridi unakwenda nalo wapi?"

"Hapo tu, karibu."

Kwa watu wa pale hilo si jibu, ni pazia. Anayekwenda kununua tofu husema hapo tu karibu, na anayekwenda upande wa pili wa nchi husema vivyo hivyo. Muulizaji mwenye adabu huinamisha kichwa akamtakia safari njema. Kurosaka aliinamisha kichwa. Angeweza kuuliza mara ya pili, kwani fundi ana haki ambayo jirani hana. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililokuja kumtafuna. Kwenye rafu ya juu kabisa palikaa matairi manne ya misimu yote, ya kipimo kile kile, aliyoyaagiza kimakosa miaka miwili nyuma, na hapana mtu mjini aliyewahi hata kuyaulizia. Adabu ilimpa ruhusa ya kunyamaza. Rafu ikampa sababu. Akayafunga, na yale ya kiangazi bibi akamwachia ayatupe.

Alhamisi ya pili ya Desemba theluji ilianza kuanguka kabla ya mapambazuko. Wakiwa kwenye kifungua kinywa, mkewe Chizuru alisema bila kuinua macho kutoka kwenye bakuli lake la mchuzi:

"Yule bibi wa gari la kijani ana moyo. Kinyozi anasema kila Alhamisi anavuka mlima wa Sawane."

"Anavuka Sawane?"

"Si ana mwenzake kule nyumba ya wazee, yule waliyekuwa wanapika naye shuleni. Hukujua? Na matairi umemfungia wewe!"

"Nilimuuliza. Akasema hapo tu karibu."

"Nawe ukaamini! Miaka minne ya falsafa, mume wangu, na jibu moja la bibi limekushinda."

Kurosaka aliinuka mezani. Alipiga simu nyumbani kwa bibi. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akamwachia Chizuru duka, akapakia kwenye pikapu matairi manne ya theluji yaliyotumika, yakiwa tayari kwenye rimu, akashika njia ya mlima.

Njia nzima alijitetea. Nilimwonya. Ni mtu mzima. Alichagua mwenyewe. Kila hoja ilisimama wima, tena ya kweli, na hapana hata moja iliyoiondoa ile rafu machoni pake. Kila kona aliiingia akitazama kwanza kingo za barabara, upande wa bonde.

Kwenye kona ya tatu aliona kijani. Gari lilikuwa limezunguka, pua yake imezama kwenye ukuta wa theluji, mkia wake umesimama shubiri moja tu kutoka kwenye kingo. Ndani, bibi alikuwa anakula tonge la wali. Alishusha kioo.

"Ah, Bwana Kurosaka! Leo umefungua duka huku juu?"

Kurosaka aliinama mpaka theluji ikamwingia shingoni. "Mama, nisamehe. Yale matairi yalikaa kwenye rafu yangu miaka miwili. Nilitaka yaondoke."

Bibi alitafuna taratibu, akameza.

"Nilijua. Yalikuwa na vumbi. Na mimi nilikudanganya kwa adabu, basi tumelingana. Sasa inuka, mgongo ukikushika nani atanivuta?"

Alilivuta gari kwa kamba mpaka kwenye uwanja ambapo magurudumu ya malori hufungwa minyororo ya theluji, akapiga jeki. Vidole vilikufa ganzi, nati zikawa zinamponyoka. Bibi alisimama kando amekumbatia chupa ya figili za kuchachusha.

"Mwenzangu Hisano anasema chakula cha kule hakina chumvi wala dhambi," alisema. "Nisipofika, hali kitu."

"Haya ya misimu yote nitakutunzia dukani mpaka Aprili."

Bibi akageuka. "Dukani? Hayatakuja kwangu?"

"Ukipenda."

Ndipo bibi naye akainama, chini zaidi kuliko huduma ile ilivyostahili, na Kurosaka akadhani huo ni msamaha. Alimfuata nyuma mpaka kileleni, akasimama pale mpaka taa nyekundu zilipopotea upande wa pili.

Jumapili moja ya Februari, Masanori, mtoto wa pekee wa bibi, anayeishi mji mkuu wa mkoa, alipita dukani kujaza upepo.

"Mama anaendeleaje, humwoni akipita?" aliuliza. "Anakwenda wapi siku hizi?"

Nyuma ya Kurosaka, kwenye rafu, yalikuwepo matairi manne yenye kibandiko cha jina la bibi.

"Hapo tu, karibu," alisema Kurosaka, na uso ukamwaka moto.

Masanori aliinamisha kichwa kwa adabu.

"Afadhali. Maana mimi tairi zote naziona nyeusi tu, siwezi kujua kafunga zipi. Ila vuli ile nilimwambia: mama, siku nikikuta matairi yamepangwa chini ya upenu, nitajua umefunga ya theluji ili uvuke mlima, na ufunguo nauchukua. Kila Jumapili nazunguka nyuma ya nyumba kuangalia. Hakuna kitu."