Kabutoni Kekundu Kenye Kalifungisha Maduka

Haya ya siku ile ingali inanifuata mpaka jikoni nikiwa peke yangu niko natwanga sombe, yale majani ya mihogo, na kama leo naieleza ni juu nimechoka kuisikia mu midomo ya bengine, eti Kahindo alileta bombe mu kanisa. Hapana bombe. Nilileta pièce ya ordinateur, kipande tu ya kompyuta. Mais nikubali mbele kabisa: hii haya nilijitafutia mimi mwenyewe, na ni mudomo yangu njo ilianza.

Niko secrétaire wa paroisse yetu huku Butembo. Mu bureau tuko na ordinateur moja ya zamani, ya kisanduku kikubwa chini ya meza, na ndani yake njo kuliwekwaka nyimbo za bamukaka, ni kusema babibi ba chorale ya kwanza, ile kwaya ya paroisse, benye baliimbaka mu Kinande mbele sisi tuzaliwe. Mutu mumoja alibarekodi wakati bangali bazima, na leo karibu bote bameshatutoka (copie hapakuwa, ndiyo, na hiyo pia ni kosa yangu). Chorale ilikuwa inatayarisha jubilé yake ya dimanche, ni kusema Jumapili, bageni batoke Kipese na Kirumba, na Pasta alishatangaza kama zile sauti zitasikika tena mu kanisa.

Sasa ile machine ilikuwa imechoka. Ukiiwasha asubui, unaenda kupika chai, unaikunywa, unaosha kikombe, unarudi, bado haijafunguka, na feni yake ilikuwa inalia sawa vile mashini ya kusaga muhindi. Nikajiambia: itahitaji barrette mupya, ile kipande chembamba ya mémoire yenye inafanya machine ikimbie, na alimentation mupya, ile kisanduku ya chuma yenye inapokeaka courant, umeme. Vintu viwili tu. Na juu juma ile nilitumwa Beni kupeleka makaratasi, nikaona nitavinunua kule kule (hapa Butembo pièces zimejaa, mais mutu akiwa safarini anajionaka mwerevu).

Pale Beni, karibu na parking, niliingia mu duka ya Maman Zaituna, mama mumoja wa kiislamu, kitambaa kichwani, miwani ku ncha ya pua.

"Machine yako ni ya aina gani, binti?"

"Ya kawaida, maman."

"Ya kawaida haiko. Barrette ya zamani ulikuja nayo, tulinganishe? Ao namba ya carte mère, ile kibao kikubwa cha ndani?"

"Maman, mimi nilisomea informatique miaka mitatu."

Nilisomea kweli. Ni kusema ubao, karatasi, na examen. Mu ile miaka yote mitatu hapana siku moja nilifungua machine, hata bisibisi sikuishika. Maman Zaituna akaniangalia juu ya miwani, akafunga vintu mu sachet, akasema pole pole, "Bon. Mais hiyo alimentation, mbele uichomeke, angalia kule nyuma..."

"Merci maman, gari inaniacha!"

Gari haikuniacha. Nilikaa ndani yake saa nzima, tukingoja ijae.

Samedi ile, Jumamosi, ningeweza kufanya kazi peke yangu mu bureau, mulango imefungwa. Mais Pasta akasema, "Kahindo, fanyia mu kanisa, bamama ba chorale bako ku répétition ya nyimbo, baone kama machine haiko kazi ya banaume peke yao," na mimi, badala ya kukataa, nikaona ni vizuri, nikavaa hata kikwembe ya kutokea. Bamama kama makumi tatu bakanizunguka. Maman Masika, présidente ya chorale, akavuta kiti karibu kabisa, juu mu zile nyimbo mwenye anaanzishaka ni mama yake, mukaka Katungu, na tangu alikufa sauti yake haipatikani pahali pengine pa dunia hii isipokuwa mu kile kisanduku.

Nikafungua kifuniko, na sisi bote tukainama kuangalia. Sikukuwa nawaza kama nitaona muji. Chini ya vumbi kulikuwa barabara nyembamba za shaba zinapita na kukata kona, tunyumba tudogo tumejipanga kwa laini, sawa vile unaangalia Butembo ukiwa juu ya kilima asubui, na mu ile muji yote hapana sauti, hapana mutu.

"Mama iko wapi mu hapa?" Maman Masika akauliza.

Nikamuonyesha disque, kenye kanachungaka nyimbo, kakitu ka chuma kadogo kuliko Biblia.

"Ndani ya hii tu?"

"Ndani ya hii tu."

Akarudisha mukono yake pole pole, sawa mutu ameona mutoto amelala.

Bon. Nikachukua barrette mupya, nikaiweka ku pahali yake, ikakataa. Nikaigeuza, ikakataa. Kale kakato kake ka katikati hakukuwa kanaonana na jino ya ku carte mère, hata mutoto angeona, mais batu makumi tatu bakikuangalia macho inafungwaka. Nikasukuma. Mama mumoja nyuma akasema, "Kahindo, kama haitaki, haitaki." Nikacheka kidogo, nikarudisha ile ya zamani, nikasema tutaanza na alimentation. Hiyo yenyewe iliingia vizuri, vis, zile skrubu, zikakaa, kamba zake zikaonana, na kiburi ikanirudilia yote. Nikachukua fil, waya ya courant, nikaangalia bamama sawa vile mutu anataka kubariki, nikachomeka.

PAAA!

Sitadanganya, nami nilifikiri ni risasi. Na huku kwetu mutu akisikia sauti ya vile haulizi. Mu nukta moja bamama bote balikuwa chini ya mabanki, zile benchi za kanisa, Pasta chini ya meza, na mimi njo nilibaki nimesimama na moshi ya bluu inapanda mbele ya uso yangu. Halafu nikasikia inje. Milango ya chuma ya maduka, krrraa, krrraa, moja kisha ingine, inashuka mpaka mwisho ya avenue, bamotari banakimbiza pikipiki, mutu anapiga kelele "Risasi ku kanisa!", bamama ba soko banabeba mabeseni ya mihogo mu kichwa banakimbia nayo. Kisha kimya. Mimi, Kahindo, na kakitu kamoja, nilifunga quartier muzima, mutaa yote, na nilikuwa naishangaa sawa vile mutu anashangaa radi.

Baaskari babili bakafika banakimbia. "Masasi eutaki wapi?" mumoja akauliza mu Lingala, ni kusema risasi imetokea wapi.

Pasta akatoka chini ya meza, magoti imejaa vumbi. "Chef, hapana risasi. Ni ordinateur."

"Ordinateur ya nani?"

Bamama makumi tatu, bangali bamelala chini, bakageuza vichwa kwangu.

Askari mumoja akanusa, akaangalia kisanduku, akaniangalia mimi na kikwembe yangu ya kutokea, akacheka mpaka akashika ukuta. Mais inje hapana mutu alicheka. Ilibidi nitembee na Pasta mulango kwa mulango, nagonga, nasema, "Mutusamehe, ni machine tu, mufungue." Ku kila mulango bananiuliza ni nani alifanya vile, na ku kila mulango najibu ni mimi.

Nikarudi, nikakuta Maman Masika hajatoka pale karibu na kisanduku. Hakukuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa afazali.

"Kahindo," akasema, "mama amekufa tena?"

Nikaenda inje, nikatafuta namba yenye iliandikwa ku facture, ile risiti ya duka, nikaita Maman Zaituna, nikamwambia yote bila kuficha.

"Geuza alimentation," akasema. "Kule nyuma kuna kabutoni kekundu. Soma namba."

Kulikuwa kabutoni, kadogo sawa ukucha. "Mia moja na kumi na tano."

"Binti yangu, courant yetu huku ni mia mbili na makumi tatu. Ulipashwa kukasukuma upande ingine kwanza." Halafu akanisomesha carte mère kwa tochi ya téléphone, mpaka nikaona herufi zake: DDR3. Barrette nilinunua ilikuwa DDR4. "Ni bandugu," akasema, "mais habalalaka kitanda moja. Disque usiiguse. Kesho asubui bwana yangu analeta mizigo Butembo, nitakuja naye, na alimentation ingine na barrette yenye inafaa."

Na akakuja kweli, dimanche, mbele ibada ianze. Mama wa kiislamu akakaa chini mu kanisa yetu ya baprotestanti, akapangusa vumbi na burosi ya rangi, na hakunitukana hata kidogo. Mais kazi alinifanyisha mimi, kwa mikono yangu, mbele ya bageni ba Kipese.

"Soma, kwa sauti."

"Mia mbili na makumi tatu."

"Sasa barrette. Linganisha."

Nikaweka ya zamani na ile alileta, kakato kwa kakato. Zikaonana. Ikaingia, tak, bila nguvu.

"Chomeka."

Pale bamama ba chorale bakatoka bote inje, na bageni bakabafuata bila kujua sababu. Kulibaki Maman Zaituna, mimi, na Maman Masika mwenye alikataa kutoka. Nikafunga macho, nikachomeka, nikawasha.

Bip. Kamoja tu.

Hatukungoja hata dakika. Nikafungua nyimbo ya kwanza. Kwanza kelele ya upepo, jogoo mumoja, mutu anakohoa, na kisha mukaka Katungu, peke yake, sauti yake nyembamba na ngumu inapanda sawa vile mutu anapanda kilima na muzigo, na mimi nywele za mikono zikasimama. Maman Masika akangoja mama yake amalize mustari, akajibu sauti ya pili. Mulangoni bamama bakaanza kurudi mumoja mumoja, viatu mu mikono, hapana mutu alibaita. Maman Zaituna hasikii Kinande hata neno moja, mais alitosha miwani, akaiweka ku magoti, na hakuirudisha mpaka wimbo ikaisha.

"Nyamuhanga we," Pasta akasema, jina ya Mungu mu Kinande, na ile siku hakuongeza mahubiri mingi.

Tangu pale nyimbo ziko na copie tatu, mu manyumba tatu. Na nimejikataza jambo moja: muuzaji akiniuliza swali, sikamate sachet mbele nijibu. Nakaa. Natosha pièce ya zamani, naiweka ku meza, tunalinganisha. Na kama sijui, nasema sijui, kwa sauti, hata batu bangapi bako banasikiliza. Inauma kidogo, halafu inapita.