Nusu ya Pesa za Timu Apewe Straika? Kura Imebaki Yangu

Admin, nifichie jina. Majina ya wenzangu nimeyabadilisha, maana huku Eastlands, Nairobi, ukikohoa Kayole, Komarock wanasema pole. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, nalea watoto wawili peke yangu. Nachukua nguo za mtumba soko la Muthurwa asubuhi nakuja kuziuza mtaani. Pia ni mweka hazina wa timu yetu ya mpira ya wanawake, na hapo ndipo usingizi wangu ulipopotelea.

Timu hii tumeichezea miaka bila kulipwa. Jezi tunachanga, nauli kila mtu ajijue. Msimu uliopita tukapanda ligi, na mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi akajitolea kutudhamini kila mwezi. Siku kocha alipotuambia, kuna wasichana walilia palepale uwanjani. Si pesa nyingi, lakini kwetu ni nyingi. Sikujua kwamba tulikuwa na amani kwa sababu hatukuwa na kitu cha kugawana.

Straika wetu nitamwita Mwende. Karibu magoli yote yaliyotupandisha ni yake. Ukimpa mpira hata mbaya, anaupokea kama amepakwa gundi mguuni, akigeuka goli limeshaingia. Watu wakija uwanjani huuliza kwanza kama Mwende yuko. Huyu pia ndiye aliyenifungulia mlango nilipofukuzwa na baba watoto. Tulilala kwake, chumba kimoja, mpaka nikasimama. Hakuwahi kunikumbusha hata siku moja.

Sasa Mwende anataka nusu ya pesa ya mfadhili. Nusu nzima, na sisi wengine wote tugawane iliyobaki. Nilimfuata kwake nikamwambia, "Mwende, hiyo ni nyingi. Wasichana watasemaje?"

Alikuwa anamenya viazi, hakuinua macho. "Mama Shiru, kuna timu ng'ambo ya mji inanipa zaidi ya hiyo. Nikisema nusu, hapo nimewapunguzia kwa sababu ya urafiki. Hili goti langu lina msimu mmoja, labda miwili. Likiisha, nani atanilipa? Wewe?"

Nikajaribu kumshusha. Nikamwambia achukue theluthi. Akacheka kidogo, akaendelea na viazi vyake. Niliondoka bila hata kumaliza chai.

Upande wa pili kuna Njeri, kipa na kapteni wetu. Kazi yake ni kufulia watu nguo. Kwenye mechi iliyotupandisha aliruka kuokoa mpira wa mwisho, akaangukia bega, mfupa ukavunjika. Tulichanga, mchango haukutosha, na mfupa ukaunga vibaya. Leo mkono hauinuki sawasawa, hata kuanika nguo anaomba asaidiwe. Kazi zimepungua, na langoni bado anasimama kwa sababu hatuna kipa mwingine. Njeri anataka kila mchezaji apate sawa, na fungu moja liwekwe kando la matibabu.

Kamati ilikaa kanisani baada ya ibada, sisi watano. Mwenyekiti akasema, "Tusidanganyane. Mfadhili alimwona Mwende, hakutuona sisi. Mwende akienda, na yeye anaenda." Kocha akamuunga mkono.

Njeri akajibu polepole, "Mimi sishindani na Mwende. Yeye anajua kufunga, mimi najua kuzuia. Nataka tu mtu akianguka kuwe na wa kumpeleka hospitali." Katibu akasimama naye.

Wawili kwa wawili. Wote wakanigeukia. Nikasema naomba wiki moja nifikirie. Mwenyekiti akakubali, lakini alinitazama kama mtu aliyeniazima kitu nikakataa kurudisha.

Tangu hapo siwezi kutulia. Nauza sweta nasahau kurudisha chenji. Nafagia nyumba iliyofagiwa. Nikiwaza Njeri nasema tugawane sawa, imekwisha. Halafu nawaza Mwende akiondoka na mfadhili akafunga mkono, huyo Njeri atatibiwa na nini? Sawa ya sufuri ni sufuri. Tena najiambia, tukimpa Mwende nusu, yule dada wa pembeni anayemlisha pasi kila mechi ataendelea kukimbia kwa moyo gani? Na je, nikimpigia kura Mwende, ni kwa magoli yake au kwa kile chumba alichonilaza?

Jana mazoezini nilimwona Njeri anahangaika kuvaa jezi. Mwende akaenda akamvutia mkono wa jezi taratibu, akamfunga kamba za viatu pia. Hawana ubaya wowote. Ni mimi tu niliyekuwa nimesimama pale kama mwizi.

Tulipokuwa tunatoka, Mwende akatembea nami mpaka kwenye kona. Akaniambia, "Usinipigie kura kwa sababu ulilala kwangu. Hiyo haikuwa mkopo. Na kama utanikatalia, uje uniambie wewe mwenyewe kabla ya Jumapili. Nisisikie kwa kocha."

Nilimwambia sawa. Leo ni Ijumaa. Nimepita mlangoni pake mara mbili nikienda dukani, taa zinawaka, namsikia anaongea na simu, na miguu inakataa kusimama.

Ndugu zangu, wale mmewahi kugawa kidogo kati ya watu mnaowapenda, niambieni ukweli bila kunihurumia. Nikibisha ule mlango kesho, niingie na neno gani mdomoni?