Mkono wa Kujaribia Piko

Dada yangu alikuwa mpambaji wa maharusi, na Morogoro nzima, mjini hadi vijiji vya mlimani, walimjua kwa piko lake. Kila alipochanganya rangi mpya, kabla hajamgusa mtoto wa mtu, alijipaka kidogo mkononi akalala nayo. Asubuhi akiamka salama, ndipo bibi harusi anapakwa. Mama ndiye aliyemfundisha hivyo, enzi za hina ya majani. Hina ile haikuwa na neno. Piko la sasa ni rangi ya nywele ya unga, kemikali tupu.

Mimi nafanya kazi kwenye maabara ya chuo. Tunatafuta kemikali zinazoleta mzio wa ngozi kabla hazijawafikia watu. Zamani walinyolewa simbilisi wakapakwa mgongoni. Siku hizi tunaotesha chembe za ngozi ya binadamu kwenye visahani, tunazidondoshea kemikali, tunaangalia zitashtuka au la. Dada alinicheka. "Yaani mnamwonea huruma simbilisi? Kitoweo hicho, mdogo wangu!"

Kisha mkono wake ukaanza kuwasha, ukatoa malengelenge. Akadhani rangi ni mbovu. Akabadilisha duka, akajaribu tena palepale. Siku uso ulipovimba hadi macho yakafumba, nilimpeleka kwa daktari wa ngozi. Akatueleza kwamba mwili huzoeshwa kuikataa rangi ile kwa kupakwa mara kwa mara, na ukishaikataa, basi. Asiiguse tena maisha yake yote.

Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo bado. Maabara tumemwacha mnyama apumzike, kumbe dada yangu ndiye simbilisi wa mji mzima.

Kuacha kazi alikubali. Kilichomtoa machozi ni binti yake wa pekee, aliyekuwa ameshaposwa. Tangu binti akiwa mdogo, dada alimwahidi kumpaka yeye mwenyewe. Nikamwambia, mpake hina ya majani. Akanirukia: "Mtoto wa mpambaji atoke na hina kama mtoto wa sikukuu? Wakwe watasemaje?" Nikamwonya kwamba hata binti anaweza kudhurika. Hakunisikia, akamwita fundi mwingine.

Siku ya harusi mvua ilinyesha, fundi akachelewa. Dada alikaa mlangoni, mbali na bakuli la rangi, akielekeza kwa mdomo tu: ua hilo lishuke hadi kidoleni, jani hilo lipinde. Vidole vyake vilikuwa vikichora hewani. Sikuweza kumtazama.

Ua la mwisho halijamalizika, tukasikia honi. Wakwe kutoka Turiani walikuwa wamefika, na walitaka kuwahi barabara kabla haijaharibika. Vigelegele vikapigwa. Binti akainuka analia, akamfuata mama yake amkumbatie, mikono miwili mbele, myeusi kwa piko bichi.

Dada akarudi nyuma hadi ukutani.

"Ngoja ikauke kwanza, mwanangu."

Wakwe hawakungoja.